Betri za Luhende

Wapo wanaoipata dini kanisani. Jirani yangu Luhende aliipata vitani. Mwaka sabini na tisa, jeshi letu lilipoingia Uganda, yeye alikuwa koplo, na kikosi chake kikakaa karibu na Mbale. Huko akakuta wakulima weusi kama sisi, wana migomba yao na kuku wao, ila ni Wayahudi, na ndiyo kwanza wameruhusiwa tena kusali hadharani. Wakamkaribisha mezani. Wenzake walirudi na makovu ya kuonyesha watu. Yeye akarudi na Sabato.

Mimi na yeye tumepakana ukuta hapa Kashaulili, Mpanda, kwa hiyo Uyahudi wake naujua wote, hata ule ambao hakutaka niujue.

Alianza kwa kunitia hasara ya moyo: aliacha kambale. Mimi ni mama ntilie, ugali na kambale ndiyo digrii yangu. Mtu mzima anakaa kwenye benchi langu, anachungulia bakuli, anasema, "Mama Evarist, samaki huyu hana magamba."

"Kwani wewe unakula magamba?"

Basi nikawa namtafutia migebuka ya Karema, yenye magamba yake, mheshimiwa asije akakosana na Mungu kwenye banda langu.

Halafu likaja la hospitali. Wasukuma wa rika lake hawakupitia jando, na yeye ana miaka arobaini na moja, ana watoto wanne. Akajipeleka mwenyewe, akalazwa wodi moja na vitoto vinavyolilia mama zao. Alirudi amevaa kanga ya mkewe, Ng'washi, anatembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Mtaa mzima tulikwenda kumpa pole. Mimi nilikwenda mara tatu, huruma tu.

Mwaka tisini na tatu ikaja barua kutoka Mbale. Wazee wa huko walisema, sawa, umejitahidi, lakini vijana wetu wakifika miaka kumi na mitatu husimama na kusoma fungu la Torati kwa Kiebrania, kwa mahadhi yake. Jifunze. Tutamtuma mtu akusikilize. Akiridhika, jina lako litaingia kwenye daftari letu. Pamoja na barua kulikuwa na kitabu, na kaseti ya mtu anayelisoma fungu hilo.

Fungu lenyewe lilikuwa la Musa pale kichakani, anapomwambia Mungu atafute mtu mwingine kwa sababu yeye ulimi wake mzito. Redio ya Luhende inakula betri nne, na betri mpya ni za wenye nafasi. Za kwake zilianikwa juu ya bati asubuhi, mchana zikageuzwa kama mihogo, jioni zikarudishwa kazini. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayezama kwenye tope na wala hana haraka ya kuokolewa. Masika ndiyo balaa, jua hakuna, neno moja linaanza umeweka maji jikoni, linaisha yamechemka. Miaka miwili nilisikiliza hivyo ukutani. Nilijua ndivyo Kiebrania kilivyo.

Januari tisini na tano, siku ya Alhamisi, mjumbe akashuka kwenye treni ya Tabora. Jina lake Eria, kijana wa miaka kama thelathini, mwembamba, ana mkoba na adabu nyingi. Jumamosi nyumba ikajaa, maana niliwaalika watu mimi mwenyewe, Luhende angesahau. Ng'washi alikuwa amepika Ijumaa, kwani Sabato hawawashi moto. Tukala kiporo, tukaambiwa ni sikukuu.

"Kwa sala kamili tunahitaji wanaume kumi," Eria akasema.

Ponsian, fundi baiskeli wetu, akahesabu vichwa. "Tupo kumi na wanne. Anza."

"Kumi wa Kiyahudi, ndugu yangu."

"Ahaa. Kwa hiyo mpo wawili."

"Mmoja na nusu," nikasema. "Huyu wetu bado hajapasi."

Eria akacheka kidogo, akasema basi leo hatusali, tunajifunza. Kujifunza hakuhitaji kumi.

Luhende akasimama na kitabu chake. Akaanza. Ilikuwa ile ile ya ukutani: nzito, ya chini, kila neno linaburuzwa kama ng'ombe asiyetaka josho. Eria akainua kichwa ghafla. Akashika mdomo. Mara akafunika uso wote kwa viganja, mabega yanatikisika. Luhende alimwona, tulimwona wote, lakini hakuacha. Dakika arobaini. Watoto walilala, wakaamka, bado Musa anaomba udhuru.

Alipomaliza, shati limemganda mgongoni, akauliza, "Unaandika jina?"

"Leo Sabato, mzee, hatuandiki. Jioni, tukiona nyota tatu."

Nyota! Januari! Mpanda, katikati ya masika!

Mchana kutwa Luhende alikaa kitandani. Nilikuwepo, nilikuwa namsaidia Ng'washi kukusanya vyombo.

"Alinicheka," akasema.

"Baba Malale, alikuwa anakohoa," Ng'washi akamwambia mumewe.

"Alinicheka. Kwetu wananiambia mimi si Msukuma tena, nimejifanya mgeni. Sasa na hawa wakinikataa, nyie niambieni, mimi ni nani?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha sana. Nikalimeza.

Jioni mawingu yakapasuka kidogo, na Ponsian akaiona nyota ya tatu juu ya reli, akapiga kelele kama ameiumba yeye. Eria akaomba redio. Akatoa kwenye mkoba betri nne mpya, ndani ya karatasi yake, zawadi ya mwenyeji. Akatumbukiza, akabonyeza.

Ikatoka sauti nyembamba, mbio mbio, kama ya mtu anayenadi mitumba na mgambo anamwona kwa mbali.

"Huyu anafukuzwa na nani?" Luhende akauliza.

"Ni mimi," Eria akasema. "Nilirekodi asubuhi, basi la Kampala linapiga honi nje."

Luhende akaangalia redio. Akaangalia betri zake kuukuu pale mezani. Akaelewa, akakaa chini taratibu.

"Kumbe nimejifunza betri."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi si mtu wa kuaminiwa.

Eria akazima redio. "Mzee, fungu hili nalisoma tangu nina miaka kumi na mitatu. Musa analia ulimi wake mzito, na mimi namsemea kama mwuza karanga. Ulipoanza nilicheka, kweli, nisamehe. Baadaye nikaona haya. Leo ndiyo nimemsikia Musa akiogopa." Akafungua daftari. "Baba yako anaitwa nani?"

"Kashinje."

"Luhende wa Kashinje," akaandika, polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Jumapili nilidhani tumepona. Redio ina betri mpya, nikasema, sasa ukuta wangu utapumzika. Asubuhi natoka kuwasha jiko, namwona Myahudi wetu yupo juu ya ngazi, anapanga betri kuukuu juani.

"Na zile mpya?"

"Nimetia kwenye tochi," akasema. "Yule kijana anakimbia mno."