Bila Waya

Fundi umeme alikuwa amemwahidi mama mkwe wake jambo moja tu: kwamba kabla hajarudi kwake kesho asubuhi, atamwona marehemu mumewe kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, akitoa hotuba ya harusi ya binti yao. Macho ya mama yalikuwa yamefifia. Kwenye simu aliambulia kivuli tu. Tangu Jumatatu fundi alijigamba kwamba video iko kwenye kompyuta chumbani, na itaruka yenyewe mpaka sebuleni, bila waya.

Sasa ilikuwa saa kumi alasiri na video haikuruka, ilichechemea. Mzee alisimama, akainua glasi, akageukia kamera, akakwama mdomo wazi. Kiduara kikazunguka. Akatoa maneno mawili, akakwama tena. Na juzi fundi alipoijaribu ilikwenda bila tatizo.

Alizima kila kitu, akawasha. Akahamishia kompyuta kwenye meza ya chakula. Akazima simu zote za nyumbani, hata ya mkewe aliyekuwa katikati ya umbea. Akapunguza ubora wa picha. Ikaenda, lakini mzee akawa ukungu mtupu, na mama akasema kwa upole kwamba huyo anaweza kuwa mtu yeyote. Akarudisha ubora. Mzee akakwama palepale. Hasira zilimpanda fundi mpaka masikioni, lakini mtu hatukani mbele ya mkwe, kwa hiyo aliyameza matusi yote, moja baada ya jingine, jasho likimtoka.

Mkewe, kutoka mlangoni, alisema mganga hajigangi.

Mwishowe alipiga magoti nyuma ya televisheni, akakuta tundu la mtandao li tupu. Waya wa bluu uliotoka kwenye kisanduku cha intaneti haukuwapo. Kompyuta ilirusha hewani mpaka kwenye kisanduku, kisha waya huo ndio uliomalizia safari. Bila huo, televisheni ilihangaika kuivuta video kupitia kuta mbili. Hilo fundi hakuwa amelitaja kwenye majigambo yake.

Aliuliza nani ameugusa. Mama akafungua mkoba wake, akautoa, umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Si ulisema bila waya, baba? Nikauona unaning'inia, nikajua umesahau kuutoa. Nikakusaidia."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Akauchomeka. Video ikateremka kama maji: mzee akainua glasi, akageuka, akatania, watu wakacheka, akaketi. Dakika mbili, basi. Fundi akageuka kungoja pongezi.

Mama alikuwa bado ameikodolea macho televisheni iliyokwisha kuwa nyeusi.

"Amepita haraka," alisema. "Siku ile nilikaa ubavuni mwa mpiga picha. Pale alipokuwa anakwama, alikuwa ananitazama mimi. Hebu uchomoe tena huo waya, baba."