Jani la Isale

Nililala mchana, jambo ambalo kwetu mlimani mtu mzima halifanyi isipokuwa anaumwa au anajificha. Mimi nilikuwa najificha. Asubuhi ile niling'oa masale yote, mimea ya mpaka kati ya kihamba changu, shamba la nyumbani, na cha Mama Aikaeli, mjane wa kaka yangu, ili mti wa mringaringa alioupanda marehemu uonekane uko kwangu. Wapasua mbao wangefika alasiri na msumeno wao. "Shemeji," aliniambia, "huo mti ndio unaofunika kahawa yangu." Nikamjibu ovyo, nikaingia ndani, nikajifunika shuka gubigubi.

Usingizi ukanipeleka kwenye kihamba kisicho na mwisho. Akanipokea Tamaa, mnene, mcheshi, akanishika mkono kama tuliosoma pamoja. "Kata tu, yote yako!" Mbele yetu alitembea Haya, mwanamke mwembamba mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama bila kunitazama, akasema, "Mwanangu, kabla hujakata, tazama juu, kisha ushuke taratibu. Mringaringa unaufunika mgomba, mgomba unaifunika kahawa, kahawa inayafunika magimbi. Ukimvua nguo wa juu, wote wanabaki uchi." Tamaa akacheka, akaupiga mringaringa shoka mara moja tu, ukaanguka. Jua likaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Migomba ikalala mmoja mmoja, kahawa ikapukutisha maua, magimbi yakasinyaa, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yakakauka nikiwa nimesimama humo humo. Niliogopa, nasema kweli. Nilipogeuka kumtafuta Tamaa, alikuwa ameshaondoka zake.

Nikakimbilia boma la Msamaha. Langoni palikuwa na foleni ndefu, kila mtu na jani lake la isale, mmea ule ule wa mpakani, mkononi, maana kwetu anayeomba radhi hulipeleka jani hilo, na anayeletewa hakatai. Bawabu, aliyeitwa Ukweli, akaniuliza, "Lako liko wapi?"

Nikafungua mikono. Ilikuwa na udongo tu.

"Niliyang'oa."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa utaingiaje?" Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Nyuma yangu kitu kikaanza kunguruma, kikazidi kusogea, lango likatetemeka, nikaamka. Ngurumo haikukoma. Ulikuwa msumeno.

Nilitoka pekupeku nikipiga kelele, "Zima! Zima, mti si wangu!" Meno yalikuwa yameshaingia kwenye gamba. Fundi akazima, akanitazama kama mwendawazimu. Mama Aikaeli alikuwa amesimama kwenye kahawa yake, mikono kichwani.

"Shemeji," nikamwambia, "naomba jani moja la isale."

"La nini?"

"La kukuletea wewe."

Akaishusha mikono kichwani. "Umebakiza shina moja tu," akasema, "pale kaburini kwa kaka yako. Kachume mwenyewe."

Nikaenda. Kivuli cha mringaringa kilikuwa kimelifunika kaburi lote, na nilipopiga magoti kuchuma ndipo nikalijua lile lango la ndotoni: lilikuwa hapa siku zote, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu.