Mwenye Kunidai Ajitokeze

Nilimaliza deni langu mwezi wa pili. Mahakama ya mwanzo ndiyo iliyotupangia, mie na kampuni iliyonikopesha: elfu tisini kila mwezi, miezi ishirini, basi. Nililipa zote. Siku nilipopewa karatasi yenye muhuri, nilitoka pale kama nimepata ile digrii niliyoiacha mwaka wa tatu.

Mwezi wa tano nikaenda Saccos, chama chetu cha akiba na mikopo, kuomba mkopo wa mashine ya fotokopi. Yangu ya dukani ilikuwa imechoka, kila kitambulisho inachotoa mtu ana ndevu, hata akina mama. Dada Praxeda wa mikopo akaangalia kompyuta, akashusha miwani.

"Samiha, huku unasomeka mdaiwa sugu."

"Karatasi ya mahakama hii hapa."

"Naiona. Lakini mie nafuata rekodi, na waliokukopesha ndio wanaoituma. Waambie warekebishe. Mwisho tarehe thelathini, na mashine imebaki moja."

Afisa wa kampuni ile anaitwa Godlisten. Nilimwendea mara nane. Leo mtandao, kesho bosi kasafiri. Mara ya tisa akafunga mlango, akainama.

"Dada, chukua kamkopo kadogo tu, laki mbili. Faili likifunguka, narekebisha yote kwa pamoja."

"Yaani ili uandike sidaiwi, lazima nidaiwe kwanza?"

"Ndio utaratibu."

Haya. Nikatoka, moja kwa moja kwa Mzee Mudathir. Mtu akizikwa mtaani kwetu Ngamiani, yeye ndiye husimama mbele ya watu kuuliza: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze amalizane na familia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka uniulizie mie."

Akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili. "Unaumwa?"

"Mzima. Ila swali lile kwa nini lisubiri nife? Nikifa sitaweza kujibu. Niulize sasa, risiti ninazo mkononi."

Shangazi Mwanamkasi aliposikia akanirushia mwiko. "Kifo hakichezewi, mtoto huna haya wee!"

"Sikichezei, shangazi. Kinachochezewa ni jina langu."

Akanuna siku nzima. Asubuhi nikamkuta mlangoni, kajifunga kanga, mkeka kwapani.

Tukautandika kwenye baraza ya kampuni. Watu wa Ngamiani wakiona mkeka na Mzee Mudathir hawaulizi, wanavua viatu. Nusu saa tu walishafika arobaini. Muuza mbaazi alianza kulia kabla hajajua anamlilia nani.

Mzee akasimama.

"Jamaa zangu. Huyu Samiha binti Sabiri yu hai, mnamwona. Kama yupo anayemdai, ajitokeze sasa, aseme mbele ya watu."

Godlisten alikuwa mlangoni, shati limemganda mgongoni.

"Afisa," mzee akasema, "kompyuta yenu inamdai. Wewe unamdai?"

"Mzee, haya mambo ya mfumo..."

"Mfumo sijaualika. Nakuuliza wewe."

"Jibu, baba!" muuza mbaazi akapaza sauti, machozi yamekauka. "Tumeacha majiko yanawaka!"

"Simdai."

"Sema wasikie na wa nyuma."

"Kampuni haimdai! Alishamaliza!"

Akanivuta ndani. Kumbe mtandao ulikuwepo, tena wa kasi.

"Sikiliza dada, nakufutia historia yote. Isomeke hujawahi kukopa. Ila waondoe hawa watu."

Nusura nikubali. Kabla ya mahakama nilichelewa miezi saba, na miezi hiyo ingeweza kuninyima mashine, nilijua. Lakini akifuta kuchelewa kwangu anafuta na ile miezi ishirini niliyokunywa chai kavu ili nimlipe yeye.

"Hapana. Andika nilichelewa. Kisha andika nimemaliza, na tarehe. Mie sikuiba, nilikopa nikalipa. Na hawa watu hawaondoki mpaka nione umetuma."

Akatuma. Nikamsimamia kichwani mpaka kidole kikabonyeza.

Tarehe thelathini nikarudi Saccos. Foleni imefika mlangoni. Dada Praxeda akafungua rekodi yangu, akakunja uso.

"Hapa panasema ulichelewa miezi saba."

"Ndiyo. Usiishie hapo, soma mstari wa chini."

"Nimeshausoma."

"Kwa sauti, dada."

Foleni nzima ikageuza shingo. Akanitazama, akaona sina mpango wa kuondoka.

"'Deni limelipwa lote kwa mpango wa mahakama,'" akasoma. "'Hadaiwi.'"

Akavuta fomu ya mashine, akaniuliza wadhamini wangu ni akina nani.