Wimbo wa Upande wa Bibi Harusi

Ustinya alipomwona mjukuu wake Darali akitoka kwa jirani yao Faina na mkufu wa sarafu umemjaa kifuani, alihisi kama amemeza kaa la moto.

"Umependeza," alisema. "Kwetu hakukuwa na sarafu?"

"Bibi, zako si uliziuza tukaezeka paa?"

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma.

Faina alikuwa muuza duka tu. Alipostaafu, aliigeuza nyumba ya magogo ya marehemu mama yake kuwa ghala la mambo ya kale ya Waudmurti, kabila lao huko Urusi: vitanda vya kufumia, aproni za kutarizi, vilemba virefu vya gome la mti wa mbetula. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Watu wakampelekea masanduku ya bibi zao. Wageni wa mji wa Izhevsk wakaja kula perepechi zake, vile vikombe vya unga vyenye nyama na yai, wakilamba vidole. Jioni wanawake walikusanyika kwake kujifunza nyimbo, hata wapwa wake Ustinya mwenyewe. Na Ustinya, aliyesifiwa sauti tangu usichana, aliwasikiliza kwa dirisha la jikoni huku akimenya viazi kwa hasira, maganda manene kama ngozi ya kiatu.

Faina alimjia na kinasa sauti si mara moja. "Dada, niimbie wimbo wa arusi wa ukoo wenu. Umebaki wewe tu unayeujua."

"Wewe una za kijiji kizima. Huu niachie."

Siku ya arusi ya Darali, watu wa bwana harusi waliingia uani na kodiani, wakiimba wimbo wao na kupiga miguu mpaka kuku wakapanda juu ya kuni. Mambo haya hayana mzaha. Upande wa mwanamume una wimbo wake, upande wa mwanamke una wake, na huwezi kuazima wa wenzako. Walipokwisha, wapwa wake Ustinya walimgeukia.

Akaanza. Sauti ilikuwa bado nzuri, lakini wimbo ule hauna maneno wala pa kupumua. Mmoja akivuta pumzi, wengine huubeba. Ustinya alipovuta pumzi, hakukuwa na wa kuubeba. Wimbo ukaanguka.

"Jamani, ukoo mzima mdomo mmoja?" mjomba wa bwana harusi alipayuka. "Bibi harusi mmemwokota porini mkichuma uyoga?"

Wakacheka. Darali akainamisha kichwa.

Ndipo Faina, jirani aliyekuwa jikoni akiwasaidia wenye binti, akatoka na unga mikononi, akaudaka wimbo pale ulipoangukia. Akaudaka vibaya.

"Usipande!" Ustinya alimfokea mbele za watu. "Hapo unashuka, unaburuta!"

Faina akashuka, akaburuta. Wapwa wakafuata. Mzunguko wa pili ukanyooka, wa tatu ukawanyamazisha wachekaji. Lakini Ustinya aliona jambo jingine: wapwa wake, damu yake, walikuwa wakiangalia midomo ya Faina. Lile kaa likawaka upya.

Akakata wimbo.

"Dada, wimbo umeishia hapo?" Faina alinong'ona.

Ulikuwa haujaisha. Kilibaki kipande cha kumtoa binti mlangoni, kilichomtoa Ustinya mwenyewe kwa mama yake. Angesema ndiyo, nani angejua? Kipande kingekuwa chake peke yake, mpaka kaburini.

Darali alikuwa kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, akisubiri kuimbiwa ili avuke.

"Haujaisha," Ustinya alisema. "Njooni mbele yangu nyote. Mtazame mdomo wangu, si wa mtu mwingine."

Akaimba. Midomo ya Faina ilifuata, upesi, sawasawa kabisa, na kila ilipopatia, Ustinya aliumwa kama anayeng'olewa jino. Hakunyamaza. Darali akavuka.