Tarehe ya Tatu

Kazi yangu ni kuisumbua kompyuta. Naiamuru ibadilishe ruhusa za faili, tarehe zake, mmiliki wake, kisha naikagua kama imetii. Miaka kumi na minne hapa Aleksandria nalipwa kwa kutoiamini.

Ndiyo maana Nagwa aliniletea kompyuta ya mumewe. Wagdi, rafiki yangu, mhandisi wa majengo, yu mahabusu tangu ghorofa alilolikagua liporomoke. Humo mna barua aliyoiandika siku kumi na sita kabla, kuwaonya wenye jengo. Wenyewe wanakana kuipokea, na mwendesha mashtaka anadai aliiandika baadaye akairudisha nyuma tarehe.

"Inawezekana?" Nagwa aliuliza, akiniwekea mezani mikate ya fuul, maharage ya kupondwa.

"Tarehe inayoonekana? Kwa amri ya touch naifanya iwe hata kabla hujazaliwa."

"Shemeji, huo nao ni msaada?"

"Ngoja basi. Kuna tarehe ya tatu, mfumo unaiandika wenyewe. Ukigusa faili, hata ruhusa zake tu, unaandika saa hiyohiyo. Hakuna amri ya kuupangia. Na ya barua hii ni siku kumi na sita kabla."

Alilia, akacheka, akanilazimisha kula.

Mtaalamu wa mahakama angekuja Jumapili. Nikataka kumwandalia jaribio: folda ya faili bandia, nizipitishie chmod, amri ya kubadili ruhusa, aone tarehe ya tatu inavyosogea. Kila mwaka nawapigia kelele wanafunzi wangu: nakili diski nzima kabla ya kugusa chochote. Siku hiyo nikajiambia ni kijambo kidogo tu. Mganga hajigangi.

Madirisha mawili yalikuwa wazi, moja la faili bandia, moja la faili za Wagdi. Amri niliiandika kwenye la Wagdi.

Jaribio lilifaulu. Faili mia mbili na tatu, barua ikiwemo, zote zikaonyesha leo, saa tano na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Nagwa alipokuja sikuzunguka, nilimwambia yote.

"Irudishe," alisema.

"Hairudi."

"Wewe si ndiye fundi? Njia haikosi."

"Ipo moja. Nirudishe nyuma saa ya kompyuta, niiguse upya."

"Si ufanye, basi."

"Hicho ndicho wanachosema Wagdi alifanya. Mtaalamu akigundua saa imechezewa, nitakuwa nimemfunga kwa mkono wangu."

"Umeshamfunga."

Nikasema nitaapa mahakamani kwamba niliiona kwa macho yangu.

"Rafiki yake mpenzi," alisema. "Watakuamini sana."

Akaifunga kompyuta, akaipakata.

"Jana alinikataza kumpelekea blanketi," alisema. "Eti baridi itamkuta nyumbani. Unalo zito?"

Nikaingia chumbani kumtolea lile la kitandani kwangu.