Ombi Lililofika Mau Narok

Mwalimu Chesang alikuwa anakaribia kustaafu alipotakiwa, kama wenzake wote, kuhudhuria mafunzo ya elimu na uraia wa kidijitali. Hakunung'unika. Kila jioni alitoka shuleni kwake, katika mtaa wa Rhonda, akaenda kwenye ukumbi mjini, akaketi mstari wa mbele, akakishika kishikwambi kama mtu abebaye yai. Kabla ya kukiwasha alifumba macho akaomba. Walimu vijana walimtania kwamba yeye mtandao wake ni wa mbinguni, hauishiwi na bando. Alicheka nao.

Kilichomfurahisha zaidi ni kujua kutuma ujumbe wa sauti. Kundi la maombi la kanisa lake lilikuwa kwenye WhatsApp, na yeye, kwa vidole vyake vizito, alikuwa amebaki kuandika "Amina" tu. Sasa naye angeomba kwa sauti yake.

Wiki hiyo hiyo Mama Mugure, muuza mandazi aliyehamia Rhonda muhula huo, alimjia darasani watoto walipokwisha kwenda nyumbani. Alitaka mwalimu ajue kwa nini mwanawe Mugure, aliyesoma darasani humo, hushtuka mlango ukifunguliwa. Walikuwa wamemtoroka baba yake, Kihara, kule Mau Narok. Aliwapiga miaka yote, na mwishowe akaapa kwamba wakiondoka atawatafuta awamalize.

"Mwalimu, nimekwambia wewe peke yako," alisema. "Hata kanisa sijaingia tangu tuje."

Chesang alilia naye. Alipofika nyumbani akapiga magoti, simu mkononi, akaomba kama alivyolelewa kuomba: anayeombewa hutajwa jina, na mahali alipo, na shida yake yote, kwa maana ombi la juujuu ni sawa na kubisha hodi na kukimbia. Akamtaja Mugure. Akamtaja mama na mandazi yake, akaitaja shule, akaitaja Rhonda. Akamtaja na Kihara, ili Bwana amfunge mikono. Kisha akaachilia kidole, ombi likaenda kundini. Alilala na moyo mwepesi.

Kesho yake mwezeshaji wa mafunzo, dada mpole aitwaye Shruti, alifundisha juu ya siri za wanafunzi. Jina la mtoto na mahali anapoishi, alisema, mwalimu hana ruhusa ya kuvitoa mtandaoni, hata kwa nia njema. Chesang alilikumbuka ombi la jana. Wakati wa chai alimpelekea Shruti simu yake.

Shruti alisikiliza kidogo tu, akazima. "Madam, hii umemtumia nani?"

"Watu wa Mungu tu."

Chini ya ombi majibu yalikuwa yamejipanga. Mmoja alikuwa amelipeleka kwa akina mama wa Lanet. Mwingine kwa kwaya. Mwingine kwa kanisa dada huko milima ya Mau, pamoja na namba ya Mwalimu ili wapate kumtia moyo. Ndiyo desturi yao: ombi zito halikaliwi na mtu mmoja, hupitishwa ili magoti yawe mengi. Shruti alilifuta kwa wote, kisha akaeleza kwamba lililofutika ni lile la kundi hilo. Yaliyopitishwa yalikuwa mikononi mwa waliopitishiwa.

"Na hayo nayafuta vipi?"

Shruti alitikisa kichwa, akamrudishia simu.

Chesang alimpigia mchungaji. Mchungaji, mtu mwema, akatangaza katika makundi yote kwamba ombi la mtoto wa Rhonda lifutwe, kwani lina siri. Waliokuwa hawajalisikia wakauliza ni ombi gani hilo, na waliokuwa nalo wakawatumia.

Jumamosi, Chesang akiwa anachagua maharagwe, ujumbe uliingia kutoka namba asiyoijua. "Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni baba ya Mugure. Nimesikia mnatuombea. Shule yenu nimeijua. Jumatatu nitakuja niwashukuru."

Aliyaacha maharagwe pale pale, akaenda Rhonda na leso ya jikoni mabegani. Mama Mugure aliusoma ujumbe akiwa amesimama, akamrudishia simu, akaanza kukunja nguo. Hakumkemea. Chesang alipotaja polisi, alisema aliwahi kuwaendea, nao wakamwita Kihara, wakawaambia wakaelewane nyumbani. Chesang akamwomba msamaha, akarudia tena na tena, mpaka yule mama akamwambia, kwa sauti ya kuchoka, ashike upande wa pili wa godoro.

Walilibeba pamoja hadi barabarani. Mugure alitangulia na sufuria kichwani, bila kuuliza kitu, kama aliyezoea. Chesang alinyoosha mkono amwekee mtoto begani, ambariki, lakini mama akamvuta Mugure upande wake.

"Mwalimu, geuka uangalie ule ukuta," alisema. "Sitaki uone gari tutakalopanda. Ukijua, utatuombea."

Chesang aligeuka. Ulikuwa ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, umepakwa rangi ya kijani. Nyuma yake alisikia gari likisimama, mlango ukifunguliwa, godoro likiburutwa. Midomo yake ilianza kusema "Ee Bwana", kisha ikasimama, kwa kuwa mahali pa kutaja hakupajua. Mlango ukafungwa. Aliendelea kuutazama ukuta muda mrefu baada ya gari kuondoka, kwa maana hakuna aliyemwambia ageuke.