Milio Mitatu ya Raelene

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, simu ya Raelene Dargan ilitetema juu ya kaunta ya duka la dawa huko Geelong, kati ya miwani ya kusomea na kopo la kalamu. Ilikuwa mara ya kumi na tisa tangu afungue duka. Aliitazama ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Ilipokaribia kuanguka akaipokea.

"Mama, niko kazini."

"Umefika, mwanangu?"

"Nimefika."

"Salama?"

"Salama kabisa, Mama. Nenda kanywe chai yako."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Merle Dargan akakata. Baada ya dakika nne akapiga tena kuuliza kama binti yake amefika.

Merle alikuwa na miaka themanini na minne na aliishi Horsham, katika nyumba ya kutunzia wazee iitwayo Redgum, chumba namba kumi na mbili. Kutoka hapo hadi kwa Raelene ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kuanzia za juzi kurudi nyuma, kwa hiyo alijua jina la kila mkulima aliyekuwa na simu Tarrup mwaka 1957, lakini hakujua kama amekula.

Simu zilianza siku aliyohamia, mwezi wa Machi. Raelene alibeba masanduku, akatundika picha ya baba yake, akatandika kitanda, akambusu mama yake na kurudi Geelong. Alipofika alimlisha paka, akalala. Jambo moja alilisahau. Katika familia ile, tangu Raelene apate leseni, aliyetoka kwa Merle alipaswa akifika kwake apige simu, aiache iite mara tatu, akate. Merle hakupokea. Simu isiyopokelewa haikulipiwa, naye, aliyekuwa opereta wa kituo cha simu cha Tarrup kwa miaka kumi na mmoja, alijua vizuri kwamba huko ni kuipunja Posta, iliyoendesha simu wakati ule. Alisema ndiyo dhambi pekee iliyoruhusiwa kwa watu wenye adabu. Akishasikia milio mitatu, alizima taa ya barazani, akalala.

Usiku ule wa Machi milio haikuja. Redgum hakukuwa na baraza, kwa hiyo Merle aliacha inawaka taa ya kusomea iliyokuwa juu ya kitanda. Tangu hapo hakukubali izimwe, hata mchana. Kwa nini aliiacha, hakukumbuka. Alichojua ni kwamba kuna mtu yuko njiani.

Msimamizi wa wazee, Marivic, alikuwa Mfilipino aliyeishi Horsham miaka kumi na sita na alishayaona mambo ya simu ya kila namna. Kwanza aliandika kadi kwa herufi kubwa, RAELENE AMEFIKA SALAMA, akaibandika ukutani karibu na kitanda. Merle aliisoma kwa sauti.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, Bi Merle."

"Wewe ulikuwepo akifika?"

"Sikuwepo."

"Basi umetunga."

Ikaja simu yenye picha badala ya namba. Merle akabonyeza picha ya Raelene hadi rangi ikafutika kwenye pua ya picha. Yakaja masaa maalumu ya kupiga. Mwezi wa Julai, siku moja zilipoingia simu arobaini na sita, Raelene aliizuia namba ya mama yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na baada ya wiki moja akaizuia siku nzima. Mwezi wa Agosti aliichukua kabisa ile simu ya mkononi, akaenda nayo Geelong, akaitia kwenye droo ya jikoni pamoja na betri kuukuu na mishumaa ya keki. Mahali pake alimwekea mama yake simu nyeusi ya mezani, yenye gurudumu la namba, aliyoitoa katika banda la marehemu baba yake. Waya wake ulipita nyuma ya kabati na kuishia hapo hapo, umekatwa kwa koleo.

"Familia nyingi hufanya hivi," Marivic alimwambia. "Mzee anashika simu, anasema yake, anatulia."

Fundi umeme alipita siku ya Alhamisi, akaikagua simu kama alivyokagua birika na vikausha nywele vyote vya Redgum, akabandika karatasi ya kijani: salama kwa miezi kumi na miwili.

Ijumaa, baada ya chai ya saa nne, Merle aliunyanyua mkono wa simu.

"Tarrup," alisema.

Akasikiliza. Kisha akamwita Bwana Schirmer wa chumba namba tisa, aliyekuwa akipita koridoni na kigari chake cha kutembelea.

"Bwana Schirmer, simu yako. Ni Otto."

Otto alikuwa kaka yake, na alifariki mwaka 1971 chini ya trekta. Bwana Schirmer alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua simu. Walizungumza habari za uzio. Otto bado alishikilia kwamba uzio ulijengwa hatua mbili ndani ya shamba lake. Baada ya muda Merle, bila kutazama saa, aliinama karibu na simu, kama opereta wa zamani anayehesabu malipo.

"Dakika tatu. Mnaendelea?"

"Tunaendelea," alisema Bwana Schirmer. "Huyu hajabadilika hata kidogo."

Katika daftari la siku ile Marivic aliandika: Bi Merle ametulia. Anaunganisha simu.

Kufikia wiki iliyofuata vilipangwa viti vinne koridoni. Marivic aliweka masaa, saa nne hadi saa sita, kwa sababu Merle alisema wa upande wa pili nao hupenda kula kwa wakati. Bi Pascoe alilalamika kwamba mumewe anasikika kwa mbali, Merle akamwambia mume huyo asogee karibu na simu, akasogea. Ndugu wa mkazi mmoja aliuliza kuhusu siri za wazee. Marivic alimwonyesha kiapo cha Posta ambacho Merle alitia sahihi akiwa na miaka kumi na saba, kwamba asikiayo hatayarudia kwa mtu. Nakala ikaingizwa kwenye faili, na suala hilo likafungwa.

Kati ya mtu na mtu Merle alizungusha namba moja ya kwake. Alisubiri, akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Geelong hapokei," aliiambia foleni. "Nani anafuata?"

Huko Geelong simu ya Raelene haikulia. Ila kwenye orodha ya simu zilizozuiwa iliendelea kuingia namba ile ile ya mama yake, ambayo laini yake ilikuwa ndani ya droo, mara arobaini na sita kwa siku. Raelene aliiona orodha akiwa anatafuta kitu kingine. Akafikiri simu yake inahitaji kuboreshwa, na alipopata nafasi akaiboresha. Siku iliyofuata zilikuwa arobaini na sita.

Jumapili ya mwisho ya Septemba alikwenda Redgum, kama alivyokwenda kila mwezi, na sahani ya keki za chokoleti na nazi. Siku hiyo simu zilianza saa nane, kwa sababu ya ibada ya asubuhi. Mama yake alikuwa mezani, mgongo umenyooka, taa ya kusomea ikiwaka juu ya kitanda ingawa jua lilijaa chumbani.

"Mama."

"Kaa foleni, mpenzi. Kuna watu mbele yako."

"Hata binti wa opereta anapanga foleni," alisema Bwana Schirmer, akijichukulia keki kwenye sahani bila kukaribishwa. "Hapo ndipo ninapomkubali Merle. Ingekuwa bungeni angepitia mlango wa nyuma."

Raelene alikaa kiti cha nne. Alipofikiwa, mama yake alimtazama kama anavyotazamwa mteja mzuri.

"Namba?"

"Mama, ni mimi, Rae."

"Namba, tafadhali. Watu wanasubiri."

Raelene alitazama kadi ukutani yenye jina lake. Akatazama picha ya baba yake iliyokuwa pembeni ya kadi.

"Clarrie Dargan," alisema.

"Huyo anapatikana," alisema Merle, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mumewe kila siku. Akazungusha, akasubiri, akampa simu.

"Rae?" alisema baba yake. Alikohoa kikohozi chake cha sigara. "Uko wapi, we mtoto?"

"Niko Redgum, Baba. Kwa Mama."

"Kwa hiyo hujafika bado."

"Kufika wapi?"

"Kwako! Mama yako anakungoja tangu Machi, taa inawaka mpaka leo. Nimemwambia mtoto ana akili zake, zima ulale. Hasikii la mtu. Ulipiga zile tatu?"

Raelene aliitazama taa iliyowaka juu ya kitanda.

"Zile tatu, Rae."

"Nilisahau, Baba."

"Ahaa. Nilidhani ugonjwa ni wa mama yako peke yake." Akacheka, kisha akaacha. "Gari ni lile lile la bluu? Usisahau kuongeza maji."

"Niliuza lile, Baba."

"Dakika tatu," alisema Merle karibu na sikio lake. Alinukia sabuni ya Redgum. "Mnaendelea?"

Bi Pascoe alikuwa ameshasogeza kiti.

"Hapana," alisema Raelene. "Tumemaliza."

Koridoni alimkuta Marivic akikunja taulo.

"Nikimrudishia ile ya mkononi?"

"Lete. Nitaichaji mimi mwenyewe."

"Atanipigia mara arobaini na sita."

"Atakupigia, dada. Siwezi kukudanganya."

"Na sasa hivi ametulia."

"Ametulia. Taa tu ndiyo hataki tuizime."

Raelene alikunja taulo moja, akaiweka juu ya zile nyingine. "Basi tuiache hivi kwanza," alisema.

Marivic aliandika: familia imeridhika na mpango wa simu.

Saa tisa Raelene alirudi kuaga. Foleni ilikuwa imekwisha na mama yake alikuwa akiufuta mkono wa simu kwa leso.

"Unaenda mbali?" aliuliza Merle.

"Geelong."

"Nina binti Geelong. Hapokei."

"Labda yuko kazini."

"Jumapili?" Merle alikunja leso yake mara nne. "Labda bado yuko njiani. Ukimwona mwambie asijisumbue kuongea. Aiache iite mara tatu, akate. Mimi sipokei. Nataka nilale tu."

"Nitamwambia."

"Endesha polepole, mpenzi. Kangaruu wameanza kutoka."

Alipita Ararat, akapita Beaufort, akajaza mafuta Ballarat. Alifika kwake saa kumi na mbili unusu. Alitundika funguo, akamlisha paka, na bila kuvua koti akachukua simu yake, akabonyeza Mama.

Ikalia droo.

Simu iliyokuwa humo ilikuwa imezimwa, na chaji yake iliisha tangu Agosti. Ililia vizuri, katikati ya mishumaa ya keki, na ubao wa droo ukatetemeka kidogo. Ikalia mara ya pili. Raelene alisimama na koti lake, akaisikiliza. Ilipolia mara ya tatu akakata.

Paka alinyanyua kichwa, akarudi kula.

Kisha alifungua orodha ya namba zilizozuiwa. Namba ilikuwa juu kabisa, na chini yake neno la kuiondoa. Aliweka kidole gumba juu ya neno lile, akakiacha hapo. Kesho ilikuwa Jumatatu, dawa za mwezi mzima zinaletwa, na kaunta alikuwa peke yake. Akaiweka simu kifudifudi, akaosha sahani ya keki, akazima taa ya jikoni.

Asubuhi, baada ya chai ya saa nne, Bwana Schirmer alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa habari ya uzio alikuwa amepata hoja mpya, na alitaka kuifikisha kabla hajaisahau. Merle alimwomba asubiri kidogo. Taa ilikuwa inawaka juu ya kitanda, na opereta alikuwa akijaribu Geelong.